Kibanda Kipimwe kwa Kazi Yake: Ushauri kwa Anayeandika Kuhusu Mikahawa Midogo ya Kwale

Ukitafuta pa kula Diani, hutakosa maoni ya kusoma. Hoteli za barabara ya ufukweni zimeshaandikwa na wageni wa kila lugha, kuanzia ulaini wa mito ya kulalia hadi rangi ya juisi ya asubuhi. Ingia Ukunda mjini, au panda matatu ya kwenda Msambweni ushukie Gazi, uone jinsi maandishi yanavyopungua. Pale wanapokula madereva, walimu, wauguzi, wachuuzi wa samaki na hao hao wahudumu wa hoteli za kitalii, mara nyingi utakuta sentensi moja tu: chakula kitamu, huduma nzuri. Anayeisoma bado hajui ale nini, aende saa ngapi, wala abebe pesa kiasi gani.

Makala haya ni ya yule anayetaka kuliziba pengo hilo, awe mwenyeji anayeweka maoni kwenye ramani ya simu, mwanafunzi anayejifunza uandishi, au mwongoza watalii aliyechoka kuulizwa swali moja kila wiki. Jambo ninalolishikilia ni hili: kibanda kipimwe kwa kazi kilichojipa. Mama anayekaanga viazi karai jioni kando ya barabara hakumwahidi mtu kitambaa cha meza wala feni. Ameahidi viazi vilivyoiva, ganda lililoshika, ukwaju wenye ladha na bei anayoiweza mtoto wa shule. Mpime kwa hayo, na ukimpima kwa hayo usimhurumie. Huruma katika kazi hii ni aina ya dharau. Humwambia mpishi kwamba kwake yeye kidogo kinatosha.

Huko Mexico kibanda kilipimwa kwa kazi yake mbele ya macho ya dunia. Mwezi Mei 2024, kitabu cha Michelin, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuipa nyota mikahawa ghali, kiliipa nyota taqueria, yaani mkahawa wa taco, ya El Califa de León jijini Mexico City. Ni chumba kidogo kilichofunguliwa mwaka 1968, chenye aina nne tu za taco, na walaji wengi hula wamesimama. Wakaguzi hawakukitaka kiwe mkahawa wa Paris. Waliangalia nyama, chumvi, moto, ndimu na tortilla, ile chapati inayokunjwa kuwa taco, wakaona kila kimoja kimefanywa sawasawa. Kabla ya hapo, mwaka 2007, mwandishi Jonathan Gold wa gazeti la LA Weekly alikuwa mhakiki wa kwanza wa mikahawa kupata tuzo ya Pulitzer, na sehemu kubwa ya sifa yake ilitokana na kuandika kuhusu vibanda na magari ya taco ya Los Angeles kwa umakini uleule ambao wenzake waliuweka akiba kwa mikahawa ya Kifaransa. Sioni sababu ya viazi karai vya Ukunda kuandikwa kwa umakini mdogo kuliko huo.

Anza kwa kuijua saa ya mahali. Kwetu kila chakula kina wakati wake, na kibanda kimoja huweza kuwa mahali patatu tofauti kwa siku moja. Mbaazi na mahamri ni vya alfajiri. Ukifika saa nne unakuta mahamri yamepoa na mbaazi zinakwanguliwa chini ya sufuria, na ukiandika kuhusu hayo umeandika kuhusu kuchelewa kwako. Mchana ni wali wa nazi, sima, samaki na mboga. Jioni karai huwekwa nje, mkaa huwashwa, na mshikaki, bhajia na muhogo huchukua zamu. Ijumaa wakati wa sala wengi hufunga. Ramadhani mchana milango hubaki imefungwa, na baada ya magharibi kunakuja vyakula ambavyo miezi mingine huvioni kwa wingi huo: muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga. Kumpunguzia mtu nyota kwa kuwa alifunga mchana wa Ramadhani ni kumdhulumu.

Sasa simama kwenye karai, maana hapo ndipo mambo mengi hujulikana kabla hujalipa. Viazi karai huchemshwa kwanza, vikamenywa na kukatwa, kisha vikachovywa kwenye rojo la unga lenye bizari na chumvi, ndipo vikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Yatazame mafuta. Yakiwa meusi, yakitoa povu linaloganda pembeni na moshi unaowasha macho, yametumika mno, na ladha yake itakufuata hadi kitandani. Tazama pia rojo linavyoanguka kutoka kwenye kiazi. Likiwa jepesi linateleza na kukiacha kiazi uchi. Likiwa zito linafanya koti nene ambalo ndani yake unga haujaiva. Chukua kiazi kimoja ukipasue kwa vidole. Ganda zuri hupasuka pamoja na kiazi, limekaza nje na laini kidogo linapokutana nacho. Likitengana likabaki mkononi mwako kama soksi, hilo liandike. Onja kiazi peke yake kabla ya ukwaju, ujue kama kilichemshwa na chumvi au mpishi anautegemea ukwaju umfichie uchapwa.

Kisha uje ukwaju wenyewe. Uliotoka kwenye ukwaju wa kweli una hudhurungi nzito, huacha nyuzinyuzi kidogo kwenye kibakuli, na uchachu wake huja polepole ukabaki mdomoni. Uliotengenezwa kwa siki na rangi huuma mara moja ukatoweka. Wengine huuongeza kwa uji wa unga ili ujae chupa, na huo utauona unavyoteleza mzimamzima. Sisemi kila anayefanya hivyo ni mdanganyifu, kwa kuwa ukwaju una msimu na bei yake hupanda, lakini msomaji wako ana haki ya kujua anachomiminiwa.

Kwa mbaazi, swali ni tui. Kwale ni nchi ya minazi, na bado kuna meza hapa ambapo tui hutoka kwenye pakiti. Unaweza kumwuliza mpishi kwa upole, lakini mara nyingi huhitaji kuuliza: ukiona mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani ikiwa bado na unyevu, na vifuu vimerundikwa nyuma ya jiko, umeshajibiwa. Mbaazi zinataka kuiva hadi zibonyee kwa ulimi, kisha tui zito liingie mwishoni kwa moto mdogo huku likikorogwa. Mpishi akiharakisha, tui hukatika, ukaona vipande vyeupe vinaelea kwenye maji. Hamri nalo ulivunje: ndani pawe na uwazi, harufu ya iliki ipande kabla hujang'ata, na vidole visibaki vinang'aa mafuta. Hamri lisilo na iliki wala tui ni andazi, na hakuna ubaya kuuza andazi mradi liitwe hivyo na bei yake iwe ya andazi.

Samaki ndiye anayewakosesha wengi, kwa sababu wanaandika bila kuitazama bahari. Msimu wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na wavuvi wa vyombo vidogo hufika mbali. Kusi likianza kuvuma kuanzia Aprili, mawimbi hukua, ngalawa nyingi hubaki ndani ya miamba, samaki hupungua na bei hupanda. Mkahawa uliokuuzia changu mkubwa mwezi Februari ukikupa tafi wadogo mwezi Julai kwa bei ileile, huenda haujaharibika hata kidogo. Kwa hiyo andika mwezi uliokula. Ukiweza, pita asubuhi kwenye bandari ndogo za wavuvi, Mwaepe kwa upande wa Diani au Mkunguni kwa upande wa Msambweni, uone kilichotua siku ile. Mchana ukiingia hotelini ukaambiwa hakuna nguru leo, hilo ni jibu la mtu mkweli, na linastahili kusifiwa kwa maandishi. Mahali penye kila samaki kila siku ya mwaka panategemea friji. Ubaridi si dhambi, lakini asiuziwe mtu samaki wa friji kwa jina la samaki wa leo.

Omba pia kumwona samaki kabla hajakaangwa. Mpishi asiye na la kuficha atakuonyesha: jicho limejaa, matamvua mekundu, nyama inarudi ukiibonyeza. Akishakaangwa hadi akakauka na kumwagiwa mchuzi wa nyanya, hata mvuvi mzee hawezi kukuambia alivuliwa lini.

Nisiwaache nyuma wanaokula mbali na Ukunda. Gazi kuna kikundi cha akina mama wanaoendesha njia ya mbao ya kupitia mikokoni, na huwaandalia wageni chakula cha Kiswahili. Ni vyema kuagiza mapema, kwa sababu hupikwa kwa hesabu ya watu. Wasini, ng'ambo ya Shimoni, ni kaa na samaki, na safari ya mashua huuzwa pamoja na chakula kwa bei moja. Sehemu kama hizi zina ugumu wake: mandhari ni mazuri kiasi cha kumlewesha mwandishi. Umetoka kuogelea, una njaa, upepo unavuma, na kila kitu ni kitamu. Jilazimishe kujiuliza kama ungemsifu kaa yule endapo ungempata kwenye kichochoro cha Ukunda mbele ya gereji. Jibu likiwa ndiyo, basi ni kaa mzuri. Likiwa hapana, sifu bahari, halafu useme ukweli kuhusu kaa.

Yapo pia mapishi ya kigeni, na hapa ushauri wangu ni ule ule. Ukikuta taco au burrito kwenye menyu ya Diani, usikimbilie kuuliza kama ni ya asili. Mexico yenyewe ina mapishi ya kila jimbo, na upande wa pili wa mpaka, Texas, Wamexico na majirani zao walizaa jiko jingine lenye jibini la njano, nyama ya kusaga, tortilla za ngano na bizari nyembamba nyingi, bizari ileile tunayoikaanga kwa pilau. Mwaka 1972 Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi Mexico, alitoa kitabu kilichowafundisha wasomaji wa Kimarekani kutenganisha mapishi ya ndani ya Mexico na hayo ya mpakani. Alikuwa na haki ya kutaka tofauti ijulikane. Lakini chakula cha mpakani nacho ni chakula, na sisi wa Kwale tunapaswa kulielewa hilo kuliko watu wengi. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Chipsi mayai imetuvukia kutoka Tanzania, bhajia na chapati kutoka India, na mahindi ya sima yetu, muhogo na pilipili asili yake ni huko huko bara la Amerika, vikaletwa baharini tangu zama za Wareno. Mpishi wa Diani akikunja samaki wa kukaanga, kachumbari na ukwaju ndani ya chapati laini akaiita taco, mpime kwa maswali ya kawaida: chapati ina joto? Inakunjika bila kupasuka? Kachumbari imekatwa sasa hivi au imelala ikitoa maji? Ndimu ipo?

Swali la haki la kumwuliza ni kuhusu tortilla ya mahindi, kwa sababu hapo kuna ujuzi ambao haufichiki. Wamexico huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, chokaa ya jamii ile ile ya kwenye tambuu, kisha huyaosha na kuyasaga yangali na unyevu. Hatua hizo ndizo zinazoipa tortilla harufu yake na nguvu ya kukunjika. Unga wa sima wa dukani haujapitia hapo. Ukiukanda na kuuchoma bapa, hupasuka. Kwa hiyo menyu ikisema tortilla ya mahindi na ikaja iliyovunjika vipande, umejua. Ikisema ya ngano na ikaja ya ngano, hajakudanganya mtu.

Kuhusu usafi, andika ulichokiona kwa macho. Maji ya kunawa yanatiririka au ni beseni moja la wote? Sabuni ipo? Anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati? Hapo malipo ya simu yamesaidia, kwa kuwa noti hazipiti tena mikononi kama zamani. Chakula kimefunikwa kwa kawa au kiko wazi kwa inzi? Sheria za afya za Kenya zinamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha uchunguzi wa afya kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6, na si vibaya ukikitazama kikiwa kimebandikwa ukutani. Usichanganye uchafu na umaskini. Sakafu ya udongo iliyofagiwa na kunyunyiziwa maji huweza kuwa safi kuliko vigae vya jikoni mwa hoteli ambako mgeni haruhusiwi kuingia.

Ukiumwa tumbo, subiri kabla ya kuandika jina la mtu. Sumu nyingine ya chakula huonyesha dalili baada ya saa chache, nyingine baada ya siku kadhaa, na mlo wa mwisho ndio unaolaumiwa kila mara hata usipohusika. Mpigie mwenye mkahawa umwambie. Ikiwa mmeumwa wengi mliokula kitu kimoja, nendeni kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, ambaye ana mamlaka ya kukagua na hata kufunga. Maandishi yako hayana mamlaka hayo, lakini yanaweza kumfungia biashara mama mwenye sufuria tatu kwa wiki moja bila ushahidi wowote.

Hapa pana sheria pia. Mwezi Februari 2017 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai, kwa hiyo maoni mabaya hayakupeleki gerezani kwa kifungu hicho. Kesi ya madai bado ipo, na mwenye biashara aliyechafuliwa kwa uongo anaweza kudai fidia. Kinga yako ni ukweli unaoweza kuuthibitisha. "Saa saba mchana samaki walikuwa wazi, na inzi walikuwa juu yao" ni jambo uliloliona. "Wanawalisha watu uchafu" ni shutuma, na haimsaidii msomaji kwa lolote.

Lipa bei anayolipa kila mtu. Wakaguzi wa Michelin hulipa bili zao wenyewe, na mwandishi wa Ukunda anaweza kulipa sahani ya mbaazi. Soda ya bure ikishaingia tumboni, kalamu huona haya. Ikiwa mwenye mahali ni shangazi yako au mlisoma pamoja, mwandikie mwingine, au sema wazi uhusiano wenu. Usijitambulishe kabla ya kula. Rudi tena siku nyingine na saa nyingine, hasa ukikusudia kulaumu, kwa sababu mpishi mmoja akiugua kibanda kizima hubadilika, ilhali hoteli kubwa ina wapishi wa akiba. Na ukitaka kupiga picha, piga ya chakula. Mwanamke aliye jikoni aombwe ruhusa kwanza, na akikataa yaishe hapo hapo.

Ukikaa kuandika, acha neno "tamu" hadi umeshasema kila kitu kingine. Sema wali ulikuwa mkavu au ulishikana, tui lilikolea au lilikuwa jepesi, pilipili iliwasha ulimi au koo, nyama ilichambuka au ilihitaji mvutano. Taja chakula kimoja cha kuagiza na kimoja cha kuacha. Taja bei uliyolipa pamoja na tarehe, kwa sababu bei ya nyanya, mafuta na vitunguu hupanda na kushuka, na bei isiyo na tarehe huwagombanisha wateja na wauzaji. Eleza njia kama unavyomweleza mgeni wa nyumbani: ni upande gani wa barabara, mkabala na nini, bodaboda kutoka stendi ya Ukunda ni kiasi gani. Sema kama mtu mwenye watoto atapata pa kukaa, na kama mwanamke akiwa peke yake usiku atakula kwa utulivu. Andika kwa Kiswahili. Ukipenda uongeze Kiingereza kwa ajili ya wageni, lakini mwenye kibanda naye aweze kusoma kilichosemwa juu ya kazi ya mikono yake, akirekebishe kinachorekebishika.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuanzia. Diani ina waandishi wa kutosha. Msambweni, wanakokula wanaopeleka wagonjwa kwenye hospitali ya rufaa, ina wachache mno. Kwale mjini, Kombani, Shimoni, Vanga na Lunga Lunga hali ni hiyo hiyo. Chagua mahali pamoja ambapo wewe mwenyewe hula wiki hii, uandike aya tatu zenye saa, bei, tarehe na ukweli, uziweke pale ambapo msafiri wa kesho atazikuta, na baada ya miezi michache urudi uzisahihishe.